Wajukuu Watatu, Kadi Moja

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa koplo wa masjala, yaani chumba cha kumbukumbu, katika kituo kimoja cha polisi mjini Moshi. Kulikuwa na kabati la kadi, na nyuma yake rafu za majalada. Kila aliyewahi kutiwa hatiani alikuwa na kadi: jina, ukoo, kijiji, kosa, na namba ya jalada lake. Kadi ilikuwa ya kukuelekeza kwenye jalada tu. Lakini wengi wetu tuliishia kwenye kadi, maana majalada yalikuwa na vumbi la kutosha kupanda mahindi.

Jumatano moja akaja kijana wa Kirua Vunjo. Alikuwa amepata kazi ya udereva kwa tajiri mmoja wa Kihindi mwenye malori. Tajiri alitaka barua ya polisi kwamba hana rekodi ya uhalifu, na aione kabla ya Ijumaa jioni. La sivyo, funguo angepewa mwingine. Nikavuta kadi. Jina lake, ukoo wake, kijiji chake. Kosa: magendo ya kahawa, mpakani Tarakea.

"Afande, Tarakea sijafika hata kwa ndoto! Huyo ni binamu yangu!"

"Kila mtu hapa ana binamu," nikamwambia.

Kumbe kweli. Huku mlimani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Babu akiwa na wana watatu, na kila mmoja akaanza na mtoto wa kiume, utapata vijana watatu wenye jina moja, ukoo mmoja, kijiji kimoja. Alama za vidole zingemaliza ubishi, ila majibu kutoka Dar es Salaam yalichukua wiki kadhaa.

Kesho yake kijana akarudi na bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye umemfungia mjukuu wangu kabatini?"

Chumba kizima kikacheka. Yeye hakucheka.

"Wa magendo ni mtoto wa mwanangu wa pili," akasema. "Mashine ya kumenya kahawa ilimla kidole akiwa mdogo. Huyu anavyo vyote. Vihesabu!"

Kijana akapanga vidole mezani kama anayeuza karoti.

Huwezi kuandika kwenye barua ya polisi kwamba bibi kasema. Lakini bibi alikuwa amenipa kitu cha kutafuta. Nikaingia kwenye vumbi, nikachomoa jalada, na humo, kwenye maelezo ya mtuhumiwa, nikakuta: kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakipo. Nikampelekea mkuu wa kituo jalada pamoja na kijana. Akamtazama mikono, akaitikia kwa kichwa, akatia saini barua.

Tangu siku hiyo nikawa naongeza kwenye kila kadi jina la mama na ukoo wa kwao. Mabinamu wa hivyo wanachangia babu. Mama kila mmoja ana wake.

Kijana alitoka mbio na barua yake, hata kuaga akasahau. Bibi akabaki anakodolea macho kabati.

"Na yule wa mwanangu wa tatu umemwandika?"

"Bibi, hatumwekei kadi mtu asiye na kosa."

Akajifunga khanga vizuri, akaanza kuondoka.

"Basi mwachie nafasi, mwanangu. Mimi namjua."