Nilimwacha Mama Aamini Nimemnunulia Kisiagi

Kosa ni langu. Sitamsingizia muuzaji, wala mke wangu, wala umeme wa Texas. Nilijua ninachofanya, nikakifanya, na leo sina pa kuuficha uso wangu. Jina langu niachieni, mengine yote nitayasema.

Ninaishi Plano, huku Texas, na mke wangu, ambaye ni muuguzi. Mimi hutengeneza mitambo ya ghala moja kubwa. Kwa miaka mingi nimetamani mashine ya kuchonga chuma ya kuweka kwenye gereji ya nyumba, nijitengenezee vipuri, pengine siku moja niache kuajiriwa. Kwa wasioijua: unafunga kipande cha chuma kwenye meza yake, kisu kinachozunguka kinakila chuma kutoka juu, nawe unaisogeza meza kwa kuzungusha kishikio. Kwa Kiingereza inaitwa milling machine.

Sasa sikilizeni hapo. Kwetu sisi tuliolelewa Kitale, milling machine ni kitu kimoja tu. Kisiagi! Mashine ya posho, ya kusaga mahindi!

Mama yangu ni mjane mwenye goti bovu, na hubeba debe la mahindi hadi sokoni kusaga. Mke wangu alikuwa akiweka akiba kutoka zamu zake za ziada ili tumpatie kisiagi chake mwenyewe. Tulikubaliana nitafute cha mtumba huku, kisafiri kwenye kontena la Wakenya wenzetu.

Siku moja nikafika Sugar Land kwa mzee aliyekuwa akifunga karakana yake, nikaiona ile ya ndoto zangu. Kuukuu, lakini kubwa, na bei ya kutupa. Nikamwandikia mke wangu: "Nimepata milling machine. Bei nzuri. Nichukue?"

Akajibu papo hapo: "Asante Yesu! Chukua. Mama hatabeba debe tena."

Nilielewa! Msidhani sikuelewa. Nilisimama nimeshika simu, nikaelewa kila kitu. Nikaandika neno moja: "Amina."

Neno hilo ndilo dhambi yangu.

Nikamlipa mzee kwa akiba ya mke wangu, nikajidanganya kwamba nitatengeneza vipuri, niviuze, ninunue kisiagi kabla hajagundua. Haraka ya mwizi! Mzee aliwasha mashine, ikanguruma vizuri, nikaridhika. Sikuzungusha hata kishikio kimoja.

Nikaivuta hadi nyumbani kwa trela ya kukodi, ndipo nikagundua inataka umeme wa fezi tatu, ule wa viwandani. Nyumba yangu haina. Nikatafuta kifaa cha kuugeuza umeme. Ilipowaka, nikazungusha kishikio robo mzunguko, meza haikusogea. Nikaendelea, ikaruka ghafla. Skrubu ndefu inayoivuta ilikuwa imelika. Kila kipande nilichochonga kilitoka kombo. Jamani, kila kipande!

Nikaifunika turubai la buluu. Mke wangu akiuliza, nilimwambia, "Ngoja kontena lijae."

Kumbe mama hakungoja. Aliuza ng'ombe, akajenga kibanda cha mawe na mabati. Akanipigia simu: "Mwanangu, fundi anataka vipimo vya miguu ya mashine, azike bolti kwenye simiti."

Nami nikapima. Mungu nisamehe, nilipiga magoti nikapima miguu ya mashine ya kuchonga chuma, nikamtumia!

Jumapili moja baada ya kanisa, mama akapiga simu ya video. Akina mama wa kanisa lake walijaa kibandani wakiimba, mmoja ana debe la mahindi kichwani.

"Mmarekani!" huyo akanitania. "Unatukawiza, tutatafuna mahindi makavu na meno yenyewe hatuna!"

Mke wangu akacheka, akaichukua simu, akaingia nayo gereji. "Mama, ngoja nikuonyeshe. Baba Imani, njoo uifunue."

"Imefungwa vizuri, Mama Imani. Tutamwonyesha kesho."

"Kesho gani? Si turubai tu hili?" Akalivuta mwenyewe.

Kule wimbo ukaendelea kidogo, kisha sauti zikaisha moja baada ya nyingine. Mama akausogeza uso karibu na simu. Akaangalia juu, akaangalia chini. Akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kufundishwa: "Mwanangu, mahindi yanaingilia wapi?"

Mimi, ambaye hupenda kumweleza mtu jambo mpaka aelewe, nikainama kuliokota turubai.

Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Aliufungua ujumbe ule wa zamani, akaniwekea simu machoni. "Uliniitikia Amina," akasema. Tangu hapo tunazungumza kuhusu zamu na shule ya Imani, basi. Namwomba msamaha kila siku. Ananijibu tu, "Nimesikia."

Na mama? Amewaambia wenzake mashine imekwama bandarini. Mama yangu, mzee wa kanisa, anadanganya kwa ajili yangu! Bado anabeba debe lake, na njia ya sokoni inapita mbele ya kibanda kile.

Nimetangaza kuiuza mashine. Wote waliokuja walizungusha kishikio, wakatikisa kichwa, wakaondoka. Wao walijua.

Basi wewe unayeitamani mashine kama hii, usife moyo. Karakana ya nyumbani inawezekana, hata kwa mfuko mdogo. Uliza kwanza inatumia umeme gani. Zungusha kila kishikio, huku na huku, uone kama meza inaufuata mkono. Na mtu akikushukuru kwa kitu ambacho hukumnunulia, mwambie hapo hapo, kabla hujaitikia.

Mimi niliitikia. Sasa huko Kitale kuna bolti nne zimesimama kwenye simiti, kwa vipimo vya mashine isiyosaga. Mama huzifunika kwa gunia, ndugu zangu, zisishike kutu.