Nyumba Isiyochangia

Elwood Rauenzahn hakuwa mtu wa maneno. Ng'ombe wake waliisikia sauti yake kuliko majirani. Kwa hiyo nilipomwona anapita nyumba hadi nyumba katika Bonde la Hinkel, kofia mkononi, akiomba watu watie sahihi ili mashamba yetu yahifadhiwe kwa sheria, nilijua machimbo ya mawe yamemtia hofu ya kweli. Kampuni moja ilikuwa inalitaka shamba la mjane Verna Kistler, aliyepakana naye upande wa juu, ipasue kilima kwa baruti.

Mimi kazi yangu ni kununua mbao za ghala kuukuu na kuwauzia watu wa Filadelfia. Nilianza na lori bovu na mdomo wangu tu. Nikamuuliza, "Bonde likihifadhiwa, maghala hayabomolewi. Mimi nitakula nini?"

"Utakula pai ya Verna, na utanyamaza."

Nikatia sahihi. Pai ya Verna naijua.

Baadaye wilaya ikatuletea mtaalamu, bibi mmoja mwembamba aitwaye Lenore Haag. Alizunguka na kamera yake majira yote ya machipuko, kisha akatuita kwenye ukumbi wa zimamoto. Ukutani alibandika ramani. Kila jengo la zamani lililolipa bonde sura yake lilipakwa rangi nyeusi, na alisema hilo "linachangia." Yaliyobaki yalikuwa meupe.

"Nyumba ya Bwana Rauenzahn," akasema, "haichangii."

Kwetu neno hilo halisemwi hivi hivi. Ghala la mtu likiungua, kila nyumba inachanga mbao, mikono na chakula, na asiyechanga hukumbukwa mpaka kwa wajukuu. Elwood hakuwahi kukosa. Harvey Bieber, aliyekaa mbele kwa sababu nyumba yake ya mawe ilikuwa nyeusi kuliko zote kwenye ramani, akageuka na kiti chake.

"We Elwood! Umekuwa bahili hadi nyumba nayo imegoma kuchanga?"

Ukumbi ukacheka. Elwood akacheka pia, kidogo, huku masikio yamemwiva.

Bibi Lenore hakucheka. Akaeleza kwamba nyumba ile imevikwa mabati ya alumini toka juu hadi chini, na sura ya zamani haionekani. Isipohesabika, hakuna jengo la kuunganisha mashamba ya juu na ya chini. Itabidi mpaka wa hifadhi uishie kwenye kijito. Ng'ambo ya kijito ni kwa Verna. Verna alikuwa amekaa karibu na birika la kahawa. Akasimama, akaanza kukusanya vikombe vya watu kabla hawajamaliza kunywa.

Kilichokuwa chini ya yale mabati, kila mwenye mvi ukumbini alikijua.

Mababu zetu wote walifika bondeni wakajenga kwa magogo ya mwaloni. Waliopata ngano nzuri wakajenga nyumba za mawe, na ile ya magogo wakawaachia nguruwe. Ukoo wa Rauenzahn haukupata ngano nzuri. Walibaki kwenye magogo, kizazi baada ya kizazi, na shuleni watoto wa nyumba za mawe walikuwa wakimgunia Elwood kama nguruwe kila akiingia darasani. Harvey ndiye aliyekuwa hodari wa kuguna. Elwood alipokuwa mtu mzima na kupata mavuno ya kwanza ya maana, hakununua trekta. Alinunua mabati yale. Mama yake alitoka akasimama barabarani kuitazama nyumba, nyeupe, laini, kama za watu, hadi ng'ombe wakaanza kulia kwa kuchelewa kukamuliwa.

Nikaenda kwake kesho yake.

"Bandua upande wa barabarani tu," nikamwambia. "Mabati nitayachukua mimi kama chuma chakavu."

"Wewe ukifa utamwomba mchimba kaburi akupunguzie bei."

"Nitamwomba. Bandua, Elwood."

"Mama alinisihi nisiyatoe kamwe. Unataka nimvue nguo kaburini?"

"Harvey sasa ni mzee. Hata pumzi ya kuguna hana."

"Atapata tu."

Tukiwa hapo Verna akateremka na njia ya shamba. Hakuomba kitu. "Nitauza, Elwood," alisema. "Usijisumbue na mambo ya nyumba. Kila mtu ana lake." Akageuka, akarudi kwake.

Angemtukana ingekuwa nafuu. Elwood alibaki anatazama viatu vyake. Kisha akaingia ghalani, akatoka na mtaimbo.

Habari bondeni haina miguu lakini inafika. Bati la tatu lilipoanguka, majirani walikuwa wamejipanga barabarani, na Harvey yumo. Magogo yakatokea, mapana, yamechongwa kwa shoka, na udongo mweupe katikati. Gogo la chini, pembeni, lilikuwa limeoza. Mabati yalifungia unyevu humo miaka yote. Elwood aliligusa likamwagika kama kahawa iliyosagwa. Akasimama mbele ya uozo ule, akajaribu kuuziba kwa mwili wake.

Nikasubiri mguno. Harvey alikuwa akitikisa kichwa.

"Yetu ya magogo tuliichoma kuni," akasema. "Yote."

Elwood akazidi kujibanza kwenye gogo lile. Nadhani hata hakumsikia.

Bibi Lenore aliipaka nyumba rangi nyeusi kwenye ramani yake. Mpaka ukavuka kijito, ukazunguka shamba la Verna, na kampuni ikaenda kupasua kilima cha watu wengine. Ungetegemea Elwood atembee kifua mbele. Lakini Jumapili zilileta wageni wa mjini na kamera zao. Binti mmoja akamwambia, "Una bahati sana, baba, kukulia humu ndani!" Elwood akaenda kujificha kwenye banda la ng'ombe hadi magari yaondoke.

Majira ya machipuko yaliyofuata aliomba ruhusa arudishe mabati. Sheria ya hifadhi ikakataa. Uzio je? Hapana. Miti?

"Mbele ya nyumba hapakuwahi kuwa na miti, Bwana Rauenzahn," Bibi Lenore akamjibu.

"Na mahindi?"

Akafikiri. "Mahindi ni kilimo. Hayo siwezi kuyakataa."

Wiki ile ile Elwood akalima majani yote ya mbele ya nyumba, toka barabarani hadi ngazi za barazani, akapanda. Kufika Julai ulikuwa huoni ukuta wala dirisha, bomba la moshi tu. Alifanya hivyo kila mwaka hadi alipofariki. Verna alimpelekea pai akipita katikati ya mistari, majani yakimkwaruza mikono. Wapiga picha waliuliza mahindi yatavunwa lini ili warudi. Bonde zima, Elwood ndiye aliyekuwa wa mwisho kuvuna.