Siku Niliyosema Nzuri

Mwaka wa tisini na nne nilikuwa fundi wa cherehani katika chumba cha loji huko Eastleigh. Mwenye loji alikuwa amegundua kwamba vyumba vyake vinalipa zaidi bila vitanda, akavigeuza maduka na karakana. Tulikuwa watatu tukishona sare za shule: mkataji, kijana wa Murang'a asiyeishiwa mzaha, mimi niliyekuwa mke wa mtu huko mtaa wa Kaloleni, asili yangu Magharibi, na mama mmoja Mwarabu aliyeshona matundu ya vifungo kwa mkono. Mimi si mtu wa kutulia, na siku hizo nilikuwa mbaya zaidi. Nikichelewa kuletewa uzi navunja sindano. Mume wangu nilianza kumgombeza kabla hajavua viatu.

Babu yake huyo mama alitoka Yemen akafanya biashara Mogadishu. Huko Mogadishu ndiko mama alikozaliwa, akaolewa na akafiwa na mume. Vita vilipofika kwao, Waarabu hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwakinga, basi wakakimbia. Familia ikagawanyika bandarini. Binti yake mkubwa alipata nafasi melini pamoja na mjomba wake, wakaenda Aden. Yeye alipanda lori na watoto wawili wadogo hadi mpakani, kisha Nairobi, ambako polisi walimsimamisha kila mara wakidai kipande, naye akiwaonyesha karatasi ya ukimbizi aliyoifunga kwenye nailoni.

"Shukuru Mungu binti yangu yuko kwetu," alizoea kuniambia. Kwetu ni Aden, mji ambao hajawahi kuutia machoni.

Halafu Yemen nayo ikaanza kupigana, kaskazini na kusini, na Aden, hiyo kwetu yake, ikazingirwa. Mama alileta redio ndogo akawa anaibana sikioni huku anashona. Betri zikichoka anazianika dirishani. Alitutafsiria kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: leo wamepiga uwanja wa ndege, leo maji yamekatwa, watu wanachota visima vya zamani. Binti alikuwa ameolewa huko na alikuwa na mimba ya miezi saba.

Simu ilikuwa moja tu, ya tajiri wetu, ile ya kuzungusha, na tajiri alikuwa ameipiga kufuli kwenye duara la namba ili tusimwongezee bili. Iliweza kupokea, haikuweza kupiga. Namba yake, mama alikuwa ameipeleka Aden kwa barua, zamani, kabla ya vita. Kwa hiyo siku nzima alikaa akiitazama simu ambayo hawezi kuinua akapiga, na mimi nilikaa nikimtazama yeye. Kidogo anitie wazimu. Nilitamani kuivunja ile kufuli kwa mkasi.

Sasa kuna hili jambo la salamu. Asubuhi ya kwanza baada ya vita kuanza niliingia, nikatua mkoba, nikasema kama kawaida, "Habari, mama?"

Akaruka kitini. "Khabari? Nani amepiga?"

Mkataji akacheka, nami nikacheka, Mungu anisamehe. Neno ni lilelile, tulilipata kwao, lakini sisi tumelitumia mpaka limekwisha makali. Kwetu habari ni kubisha hodi tu. Hata uwe umefiwa jana, ukiulizwa utajibu nzuri kwanza, ndipo uanze kusema "ila". Kwake khabari ni jambo lililotokea, na kuna mtu amelileta. Nilijaribu kubadilisha. Shikamoo hatukuizoea huku Nairobi, hujambo ikawa inanitoka ikiwa imechelewa, na kila asubuhi ulimi ukinitangulia mama alikuwa ananijibu kwa sauti ndogo, "Bado, ya binti. Hapana khabari." Nilijichukia, na kesho yake nikarudia.

Vita vilitimiza mwezi, vikaingia wa pili. Siku moja adhuhuri mama alikuwa ameenda chumba cha jirani kutawadha aswali, simu ikalia. Mkataji alikuwa na jora begani, nikapokea mimi. Sauti ya mwanamume, inakuja na kupotea. Akataja jina la mama, akasema khabar, khabar, na maneno mengine ya Kiarabu nisiyoyajua. Kisha kwa Kiingereza cha kubabaisha akasema yuko Djibouti, atapiga tena saa kumi. Laini ikakatika.

Nilikuwa bado nimeshika mkono wa simu mama alipotokea mlangoni, uso bado una maji ya udhu. Akaniangalia mimi, akaiangalia simu.

"Khabari?"

Nikasema, "Nzuri, mama."

Wallahi sikufikiri. Mdomo ulijibu peke yake, kama ulivyofundishwa tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nataka kuendelea, kusema kuna mtu amepiga, sijaelewa, tungoje. Lakini mama alikuwa ameshapiga vigelegele. Alinikumbatia, akasujudu pale pale juu ya vipande vya kitambaa, akainuka na nyuzi kwenye paji la uso. Akashuka ngazi mbio. Aliporudi alikuwa na halwa kwenye karatasi, halwa nyingi ya dukani kwa Wasomali, akaanza kuigawa chumba kwa chumba.

"Kwani ni sikukuu?" mkataji akauliza, mdomo umejaa.

"Amepata stori poa," akasema mtu kutoka koridoni. "Msichana wake ako sawa."

Kila mtu alinipongeza mimi niliyepokea simu. Nilirudi kwenye cherehani nikashona mguu wa suruali upande wa nje ndani. Nikafumua. Nikashona tena vibaya. Nilienda dirishani, nikaenda mlangoni, nikanywa maji nisiyoyataka. Mama alikuwa anaimba. Nilimwogopa. Sijawahi kumwogopa mtu yeyote namna ile, hata mwenye nyumba.

Ilipofika saa tisa sikuweza tena. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia ukweli: kwamba mtu alipiga, kwamba sikuelewa neno, kwamba nzuri yangu ilikuwa salamu tu.

Hakuacha kushona. Alifunga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Najua," akasema. "Miaka mitatu mimi hapa. Ninyi nzuri mnasema hata maiti iko ndani ya nyumba. Nilijua pale kwenye ngazi, nikishuka."

"Sasa halwa ulinunua kwa nini, mama?"

"Nilikuwa nataka."

Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, mkataji akapunguza mlio wa mkasi, na saa kumi na dakika chache simu ikalia. Mama alinyanyuka mwenyewe. Alisikiliza. Akasema, "Alhamdulillahi." Akasikiliza tena. "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi." Nilianza kutabasamu, tena nikamkonyeza mkataji. Miaka yote ile katikati ya Waislamu na bado sikukumbuka kwamba wao humshukuru Mungu kwa lolote analoleta.

Akaiweka simu taratibu.

"Wiki ya tatu sasa," akasema. "Alikuwa kwenye foleni ya maji, kisimani. Kombora. Amezikwa na tumbo lake."

Wiki tatu. Asubuhi zote zile alizonijibu bado, binti alikuwa tayari yuko chini ya udongo. Nilijitupa miguuni pake nikalia kwa sauti, na huko nje koridoni watu walikuwa bado wanacheka na kulamba vidole. Nikasimama, hasira imenipanda kichwani, nikafungua mlango niwanyang'anye zile karatasi.

Mama alinishika nguo. "Waache wale. Ni sadaka yake. Wakimaliza waambie wamwombee."

Kisha akaokota kipande kilichobaki mezani, akanitilia mkononi. Nilikataa kwa kichwa. Akaningoja, macho makavu, mpaka nikakitia mdomoni, akasimama mbele yangu hadi alipoona nimemeza.