Nyuzi Ndani ya Visu

Visu vya kwanza vilikuwa vibovu, na nilisema hivyo waziwazi. Vilikuwa visu vya kukunja vya bei rahisi, vya wachuuzi wanaovuka mpaka wa Uganda, mpini wa plastiki na ncha kali ya kuchomea mtu. Mama aliyeniletea alikuwa mkubwa wa wasekuristi wa mtaa, watu wa kujitolea waliotoka na machela kila risasi zilipotulia, kubeba majeruhi na kuzika waliokufa. Kabla ya vita alifundisha shule ya msingi, na bado alikuwa na ile tabia ya kukukazia macho mpaka ujibu.

"Fundi, hii kisu inatutesa," aliniambia. "Inataka mikono mbili juu ya kuifungua, na mukono yangu moja iko juu ya kidonda ya mutu."

"Hii haiko kisu, Mama. Iko kitu ya kuchezea. Uniachie."

Kibanda changu kilikuwa mtaa wa Nyakasanza. Nilikuwa fundi wa kufuli, miamvuli na baiskeli. Vita ilipokuja kufuli zilivunjwa kwa wingi sana, ila waliozivunja hawakuwa wateja. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutosha kuvifikiria visu vya Mama.

Nilianza na ncha. Niliisaga kwa tupa mpaka ikawa butu na ya mviringo, ipite kati ya nguo na ngozi na kuikata nguo bila kumtoboa mgonjwa. Tena kijana mwenye bunduki kwenye bariere, kile kizuizi cha barabarani, akimpapasa sekuristi na kukuta kisu kisicho na ncha, huenda akamwacha apite. Kisha nikatoboa tundu dogo kwenye bapa, nikakaza skrubu fupi, ili kidole gumba kipate pa kusukuma na kisu kifunguke kwa mkono mmoja. Mpini niliuvisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kwa sababu damu inateleza kuliko sabuni. Mwisho niling'oa ribiti iliyoshika bapa na mpini, nikaweka skrubu mahali pake, kisu kiweze kufunguliwa chote na kusafishwa.

Hiyo skrubu ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi. Kisu kikikata nguo, nyuzi huvutwa kwenye kiungo, hujisokota humo na kuganda, na kisu huanza kukwama. Wasekuristi walivirudisha, mimi nafungua, na ndani nakuta nyuzi. Za kitenge, za shati la nailoni, za sketi ya bluu ya shule.

Mke wangu alikuwa ameondoka siku mtaa wetu ulipohama karibu wote, akafuata msafara wa barabara ya Nyankunde. Nilimwambia atangulie, nitamfuata nikishaficha vyombo vyangu vya kazi. Alisema navipenda hivyo vyuma kuliko ninavyompenda yeye. Nikamjibu kwa utani kwamba vyuma angalau havinuni. Alikuwa amevaa sweta aliyoifuma mwenyewe: alifumua sweta yake ya kijani na yangu nyekundu, akasokota nyuzi mbili pamoja, kijani na nyekundu, kwa sababu sufu mpya haikupatikana. Nilimcheka nikamwita bendera. Kesho yake barabara ilifungwa, na kuanzia hapo sikupata habari zake hata za kubahatisha.

Basi kila kisu nilichokifungua nilikipeleka kwenye mwanga wa mlango, nikachokoa kiungo kwa pini na kuzilaza nyuzi kiganjani. Nilikuwa natafuta sufu ya rangi mbili. Nikiikosa nasema kwa sauti, "Asante Mungu, yuko hai." Nilisema kwa sauti maana nyumbani hakukuwa na sauti nyingine, na mtu akikaa kimya sana anaanza kujiogopa.

Niliwakataza wasekuristi kuvifungua visu wenyewe. Niliwaambia watapoteza skrubu, na kweli wangezipoteza, lakini pia nilitaka waje. Walikaa kwa muda wa kunolewa kisu tu, wakanywa maji, wakaenda. Nikajifunza kunoa polepole.

Kuwauliza nguo hizo zilikuwa za nani sikuthubutu. Watu walewale waliobeba majeruhi ndio waliozika, na visu vilevile mfukoni. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshakata shauri kwamba kila uzi unaonifikia umetoka kwa marehemu.

Halafu asubuhi moja nikafungua kisu nikakuta sufu nyekundu. Nilichokoa na kuchokoa nikitafuta kijani, damu iliyokauka ikawa inavunjikavunjika tu kwenye pini, sikuweza kujua ilikuwa rangi gani chini yake. Nikatoka nikauacha mlango wazi, mimi fundi kufuli, nikaenda mbio mpaka mtaa wa Mudzipela, kwenye uwanja walipoweka machela zao. Nilimkuta Mama anafua turubai ya machela.

"Mama, hii uzi ni ya nani?"

Alifuta mikono, akaushika, akaugeuza juani. "Ya kijana mumoja wa soko. Risasi ilimupita mukono. Iko kwa munganga, jana alikula hata muchele."

"Hakukufa?"

"Fundi, weye unawazaka nini? Siye hatukataki nguo ya mufu. Mufu tunamuzika na nguo yake. Kisu ni ya mwenye iko anapumua. Kama nakata nguo, ni juu nimeona huyu anaweza kupona."

Nikaupokea tena ule uzi wangu. Miezi yote ile nilikuwa nikishukuru kwa kukosa kitu ambacho ningepaswa kukililia. Uzi wa mke wangu katika kisu ungeniambia kwamba mtu alimkuta anapumua. Kiungo kisicho na sufu hakikuwa kimeniambia lolote.

Mama aliuliza natafuta nani. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, nikamwambia yeye: barabara ya Nyankunde, sweta, kijani na nyekundu. Aliinama tena kwenye turubai, akaikamua muda mrefu.

"Ile barabara tulifikaka mara moja, wakati walituruhusu," alisema. "Pale kisu haikufanya kazi. Tulizika tu. Rangi ya nguo sikuangalia, Fundi. Kama ningeangalia, singeweza kuchimba."

Nilirudi kibandani. Vyombo vilikuwa salama vyote, hakuna aliyegusa hata bisibisi. Siku hiyo nilivichukia.

Niliendelea na kazi ileile kwa moyo mwingine. Sufu hunyumbulika, inakimbia makali na kujikunja mbele ya kisu, kwa hiyo nilichonga kwenye mgongo wa bapa kijino cha ndoana, chenye makali upande wa ndani, kiikamate na kuichana kwa mvuto mmoja. Wasekuristi walikipenda sana kijino hicho, kilichana hata mkanda wa ngozi, wakanisifu kwa akili. Walidhani nimewafikiria wao. Mimi nilikuwa nimemfikiria mtu mmoja aliyelala mahali fulani amevaa sweta, na mkono wa mtu mwingine unaharakisha. Mungu anisamehe, nilitamani mke wangu awe amepigwa risasi na kuchaniwa nguo. Kila uzi wa pamba niliouona sasa ulikuwa wa ndugu wa mtu mwingine, ndugu aliyekutwa anapumua, na nilimwonea wivu huyo mtu.

Baadaye wanajeshi wa kigeni walifika, bariere zikapungua, na watu wakaanza kurudi mmoja mmoja kwenye nyumba zao. Siku moja Mama aliniletea visu vyote kwa pamoja ndani ya kikapu. Alikuwa akicheka, na sikuwahi kumwona akicheka kabla.

"Angalia, Fundi. Wiki muzima hatukukata kitu. Iko safi."

Nilimpongeza, na nilikuwa namaanisha. Alipokwenda nilifungua skrubu za visu vyote, kimoja baada ya kingine, nikaviinamisha kwenye mwanga wa mlango. Ndani hamkuwa na kitu.