Nilitupa Dawa za Dada Yangu Ili Nipate Ng'ombe wa Kuolea

Msinipe pole, siitaki. Nilizitupa dawa za dada yangu chooni nikiwa na akili zangu timamu, tena mchana kweupe.

Sisi ni Wakurya wa huku Tarime. Kwetu kijana asiye na ng'ombe humwangalia dada yake: dada akiolewa, ng'ombe wa mahari yake ndio kaka naye anaolea. Mimi nilikuwa na mchumba kijiji cha Nyarero, na dada yangu Bhoke akapata mposaji kutoka upande wa Ikoma. Nikaona mambo yamenyooka! Kasoro moja tu: Bhoke ana kifafa, na wale watu hawakuambiwa. Mwenyewe alitaka waambiwe. Nilimfokea mpaka akanyamaza.

Alikuwa akimeza vidonge vya aina mbili: vya kifafa, na vingine vya huzuni, maana alifika mahali hata kula hataki. Daktari alitueleza vizuri, nami nimekaa palepale. Alisema kwenye ubongo kuna kemikali iitwayo serotonini. Ikipungua mtu anaweza kuzama kwenye huzuni, na inaonekana kwa baadhi ya wagonjwa kifafa nacho huja na nguvu zaidi, mpaka pumzi inachelewa kurudi.

"Hatujajua yote," akasema, "ila kwa huyu naona hivi vidonge vya huzuni vinamsaidia. Asiviache ghafla."

Na kweli, tangu aanze kuvimeza, akianguka alikuwa anazinduka upesi. Lakini mimi mjuaji nikasema hizo ni dawa za vichaa! Wageni wakiziona watadhani tunawaoza mwendawazimu. Wiki mbili kabla ya posa nikazimwaga, na Bhoke nikamkataza kufuata nyingine.

Siku ya ugeni Bhoke alikuwa jikoni anasonga ugali. Tukasikia sufuria imeanguka. Nilipofika mlangoni alikuwa chini, anatikisika kwa namna ambayo sijawahi kuiona, midomo imebadilika rangi, mkono wa kulia umo ndani ya moto.

Mnadhani nilifanya nini? Niligeuka nikawakimbilia wageni! "Ni jua tu, wazee wangu, hajala tangu asubuhi." Mshenzi mkubwa mimi!

Jirani yetu Mama Chacha ndiye aliyeruka akamvuta, akamlaza ubavu, huku ananipigia kelele: "Wewe! Dada yako anaungua, unabembeleza wageni? Ng'ombe ndio waliokuzaa?"

Wageni waliondoka bila kuonja kitu. Baadaye yule mposaji alituma ujumbe kwamba kifafa kisingemzuia, uongo wetu ndio umemfukuza. Mchumba wangu naye aliposikia akanikataa: aliyemtoa dada yake kafara hivyo, mke atamfanyaje?

Vidole vitatu vya Bhoke havikunjuki tena. Dawa amerudishiwa na daktari, anazifungia kwenye sanduku, na ufunguo anao Mama Chacha. Nilimwuliza Bhoke kwa nini nisikae nao mimi, kaka yake wa damu.

"Kwa sababu kufuli nimelinunua kwa ajili yako," alinijibu, wala hakunitazama.

Sasa wewe unayesoma huku una dada mgonjwa nyumbani na unapiga hesabu zako, nisikie vizuri. Dawa hukuiandika wewe, usiiguse! Kama kuna swali, lipeleke kwa daktari. Na ukitaka ng'ombe, shika jembe ukalime.