Kihispania Changu cha Jikoni

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kambi ya barabara nje kidogo ya Bunda, Mhandisi Mkuu aliingia jikoni, akafunua sufuria yangu ya maharage, akaonja, akasema, "Sal." Nilidhani ananiuliza jina. Nikamjibu, "Mama Nyangeta." Alicheka, akachukua chumvi kwa ncha za vidole akanionyesha. Hilo ndilo neno langu la kwanza la Kihispania.

Alikuwa Mhispania wa makamo, mrefu, mkimya. Kiswahili hakujua, na mkalimani wa kampuni alishindaga barabarani na mafundi. Jikoni tukabaki wawili na vyakula vyetu. Alinifundisha sofrito, yaani kitunguu, kitunguu saumu na nyanya vinavyokaangwa kwa moto mdogo mpaka vinalainika kabisa. Mapishi yao mengi yanaanzia hapo. Nikichochea moto aliniambia, "Despacio, Mama." Polepole. Ukoko wa wali, ambao sisi tunawaachiaga watoto, kwao watu wazima wanaugombania, na una jina lake: socarrat. Siku nilipompikia dengu alionja kijiko kimoja, akachota kingine. "Garbanzos," akasema. "Mi madre." Mama yangu. Siku hiyo hatukuhitaji mkalimani.

Msimamizi wa kambi, mtu wa Murangi mwenye sauti kubwa, hakupendezwa.

"Mama Nyangeta, uliajiriwa kupika au kusoma?"

"Bosi, nitampikiaje mtu nisiyejua anataka nini?"

Kambi ilipohamia Butiama, nilihama nayo. Huko nilishaanza kuunga sentensi: maji yamechemka, samaki hajaiva, njoo ule. Wakati mwingine Mhandisi alimpigia mkewe simu ya video akimwonyesha sato wa Mugango kwenye sufuria, nami nampungia mkono: "Señora, ¡a comer!" Karibu chakula.

Kisha Mhandisi akaugua. Malaria ilimpanda kichwani, tukamkimbiza hospitali Musoma. Msimamizi nami tulimuuguza kwa zamu. Nilimpelekea caldo, mchuzi mwepesi wa samaki, nikamlisha kwa kijiko. Aliniita mama yake, nami niliitika. Mchana mmoja akafariki.

Kampuni ilimwarifu mkewe. Baadaye kidogo simu ya marehemu iliita mkononi mwa Msimamizi. Alisikiliza, jasho likimtoka, akanipa.

"Ongea wewe, mama. Mimi sielewi kitu."

Alikuwa mkewe, analia. Maneno mengi yalinipita. Halafu akauliza swali nililolielewa.

"¿Comió?" Alikula?

Ningeweza kumdanganya kwamba alikula vizuri. "Sí, señora. Poco." Ndiyo, kidogo.

"¿Qué?" Nini?

"Caldo. De pescado." Mchuzi wa samaki.

"¿Caliente?"

"Caliente, señora." Ulikuwa wa moto.

Nilitafuta neno la kumfariji, nikalikosa. Jikoni hatukuwahi kulihitaji. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Pole, señora. Pole sana." Sijui kama alielewa. Hakukata simu, nami sikukata. Tulilia pamoja bila neno. Msimamizi, na sauti yake yote ile, alikuwa amegeukia ukuta.

Nilipikia kambi nyingine baada ya hapo, mpaka miguu ikakataa kusimama jikoni kutwa. Sasa nimestaafu, nakaa Mwisenge, hapa Musoma. Vijana wa migahawa wananijia wakitaka Kihispania cha kuongea na watalii, nao wanashangaa ninapoanza kwa kuwapa kisu na kitunguu. Siwafichi kwamba changu ni kifupi. Siwezi kusoma gazeti la Wahispania, wala kugombana nao, wala kuwasimulia maisha yangu.

Mjane yule hunipigia simu Jumapili. Kifo cha mumewe hatujawahi kukizungumza. Mimi maneno hayo sina, naye hajawahi kuyaanzisha. Ananiuliza nimepika nini, namwambia. Nami namuuliza yeye amepika nini. Ananitajia kimoja kimoja, polepole, akingoja nirudie.