Mrushaji Mwenye Miguu

Daktari mkuu wa kitengo chetu cha mazoezi ya viungo, Mmarekani mrefu anayekula tende kama njugu, alinikuta kantini ya hospitali pale Riyadh akaniuliza kama napenda futiboli. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Mombasa niliyelelewa na kaka zangu, nitakosaje kupenda futiboli? Akafurahi, akaniandika kwenye ligi yake. Nilikwisha kukubali ndipo nikagundua kuwa futiboli yake ni ile ya kwao, ya mpira wenye umbo la yai na wanaume waliovaa helmeti. Kurudi nyuma ilikuwa aibu. Nikaingia hivyo hivyo.

Ligi yenyewe ilikuwa ya kubuni. Kila mmoja wetu anachagua wachezaji wa kweli kutoka timu mbalimbali za Marekani, anaunda kikosi chake kwenye simu, na kila wiki yale wanayoyafanya uwanjani yanageuzwa kuwa alama. Timu zao za kweli zishinde zisishinde, si shauri lako. Wewe unataka alama tu.

Alikosekana mtu mmoja ili tutimie, nikamtaja shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mhandisi wa lifti kule Jeddah. Shemeji ni mtu wa kujua kila kitu. Ukimwambia mvua imenyesha Riyadh, atakwambia yeye alijua tangu jana.

"Shem, huo mchezo nimeutazama miaka," akaniambia kwenye simu. "Wewe usijisumbue kichwa. Fuata tu nitakachokwambia."

Hapo ndipo aliponichokoza. Wiki nzima nikawa nasoma habari za mchezo ule kuliko nilivyowahi kusomea mtihani.

Mtu muhimu kuliko wote katika timu yao ni kwotabeki, ambaye mimi na shemeji tulimwita mrushaji, kwa sababu ndiye anayeupokea mpira kwanza na kuurushia wenzake. Nilimpata mmoja aliyenikaa rohoni. Alikuwa na mbio za ajabu. Timu yake ya zamani ilikuwa imemchoka, naye alikuwa anahamia timu iliyouza wakongwe wake, ikamfukuza kocha, na sasa inaanza upya kabisa. Wachambuzi waligawanyika juu yake. Wengine walisema ameingia shimoni: wadakaji wake hawadaki, ukuta wa kumlinda ni wa vijana wabichi, na msimu ukifika katikati kocha atamkalisha benchi ili amjaribu chipukizi. Wengine wakasema hiyo ndiyo bahati yake: ukuta ukivunjika atakimbia, na kwenye ligi yetu umbali anaoukimbia mrushaji unalipa kuliko ule anaourusha. Mimi nilikuwa nimemwona akichomoka katikati ya majitu matatu kama kuku aliyemponyoka mchinjaji. Sikuhitaji mchambuzi mwingine.

Siku ya kuchagua tulikusanyika chumba cha mikutano Alhamisi baada ya kazi, shemeji akiwa kwenye spika ya simu kutoka Jeddah. Zamu yangu ilipofika nikamtaja mtu wangu. Chumba kizima kikacheka. Daktari, kwa huruma, akaniuliza kama nina hakika.

"Shem!" simu ikapiga kelele. "Huyo anahamia nyumba inayobomolewa!"

"Inajengwa upya," nikamjibu.

"Kabla ya kujengwa inabomolewa! Mimi mhandisi, nisikilize."

Yeye akachagua mrushaji maarufu, hodari wa kurusha mbali, ila hasogei hata moto ukimfika kwenye viatu. Tulikuwa bado tunabishana mdogo wangu alipomnyang'anya simu.

"Dada, acheni kelele. Mkikutana nyinyi wawili, atakayeshindwa atapika pilau hapa kwangu, na watu waalikwe. Apike peke yake, asisaidiwe."

Nilimwelewa. Tangu waoane, shemeji hakuwahi kuchemsha hata chai. Mdogo wangu alikuwa ameshachagua upande, na haukuwa wa mumewe.

Msimu ukaanza. Timu ya mrushaji wangu ikafungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, ikafungwa hata na timu ambayo nayo ilikuwa ikifungwa na kila mtu. Na mimi nikawa napanda jedwali. Kila ukuta wake ulipoporomoka, yeye alikimbia kuokoa nafsi, na kila alipookoa nafsi, mimi nilivuna.

Jambo hilo lilimkera shemeji kuliko kiasi. "Pole, mmefungwa tena," aliniambia asubuhi moja ya Jumatatu.

"Ahsante. Nimekuzidi alama."

"Wewe unakula matanga, shem! Wafiwa wanalia, wewe unasogeza sahani!"

Nilicheka, lakini kusema kweli maneno yale yalinigusa. Kazi yangu ni magoti na mapaja ya watu. Kila nilipomwona kijana yule akibwagwa chini, nusu yangu ilihesabu alama, nusu nyingine ilijiuliza ni nani anayemkanda. Nikaanza kumwombea dua baada ya swala, baina ya dua ya mama yangu na dua ya ikama yangu, kile kibali cha kuishi, isichelewe.

Mwisho wa msimu tukapangwa mimi na shemeji, mshindi aendelee, mwingine atolewe. Wachezaji wake wote wakamaliza mechi zao akiwa mbele yangu. Mimi nikabakiwa na mtu mmoja tu, mrushaji wangu, ambaye mechi yake ilikuwa Jumatatu usiku kwao, kwetu ni alfajiri ya Jumanne. Tena kulikuwa na fununu kuwa kocha yuko tayari kumwingiza chipukizi.

Nilipofika kazini timu yake ilikuwa inachapwa vibaya. Daktari alikuwa amesimamisha simu yake juu ya kitanda cha mazoezi, tukaitazama robo ya mwisho ya mechi tukiwa tumevaa sare za kazi, wagonjwa hawajaanza kuingia. Nilihitaji mbio moja nzuri tu. Lakini niliona kitu kingine: mtu wangu alikuwa anashika nyuma ya paja kila alipoinuka.

"Misuli hiyo," nikamwambia daktari. "Wamtoe."

"Wakimtoa umeshindwa," akasema.

"Najua! Wamtoe! La, wasimtoe kwanza!"

Mpira ukaanzishwa tena. Ukuta ukavunjika kama kawaida yake. Akatazama kulia, hakuna mdakaji. Akatazama kushoto, majitu. Akakimbia, anachechemea lakini anakimbia, nami nikawa naruka sakafuni nikipiga kelele kwa Kiswahili, "Toka nje, mwanangu! Usigombane nao, toka nje!" Kama aliyenisikia, akatoka nje ya mstari kabla hawajamgusa. Umbali alioukimbia ukahesabiwa, alama zikabadilika kwenye simu. Nilikuwa nimempita shemeji kwa uzi.

Nilikuwa bado nacheza baina ya vitanda alipoingia mgonjwa wangu wa kwanza, mzee wa Kisaudi mwenye goti jipya, anasukuma kigari chake cha kutembelea.

"Mabruk," akasema. "Mmeshinda?"

"Hapana, ammi. Tumefungwa vibaya sana."

Akakisimamisha kigari. Kisha akamgeukia daktari na kumwomba, kwa heshima zote, kama anaweza kuhudumiwa na mtu mwingine leo.

Wiki iliyofuata kocha alimpumzisha mrushaji wangu, akamwingiza chipukizi. Sikumwondoa kikosini, ingawa hakuwa na alama hata moja ya kunipa. Daktari, niliyepangwa naye safari hii, akanitoa kwenye ligi bila jasho, wala sikujali.

Nikapanda ndege kwenda Jeddah. Shemeji alijaribu kudai kwamba mtu anayetoka nje ya mstari hahesabiwi, mdogo wangu akaweka nyama mezani na kumwonyesha mlango wa jikoni wa nyumba yao ya mtaa wa Baghdadiyah.

"Yalla, mhandisi. Halas, maneno yamekwisha."

Wageni walijaa sebuleni, Wakenya na Watanzania, pamoja na mama mmoja Mhijazi, mwenyeji wa Jeddah na jirani wa ghorofa ya chini. Tulisikia vijiko vikianguka. Tulisikia maji yakiongezwa, kisha yakiongezwa tena. Shemeji alipotokea na sinia, wali ulikuwa umeshakuwa uji mzito, nyama imepotelea ndani.

"Hii ndiyo pilau?" akauliza mkewe.

"Nani kasema pilau?" Akamwagia samli juu, bila kupepesa macho. "Hili ni bokoboko. Nyama hupondwa ndani mpaka isionekane."

Tulicheka mpaka machozi. Ila yule mama Mhijazi alionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasogeza sahani yake aongezewe, kisha akataka kujua limepikwaje. Shemeji akavuta kiti karibu naye, akaanza kumweleza siri za upishi wake hatua kwa hatua. Na sufuria, lililoungua chini hadi likawa jeusi, niliachiwa mimi mshindi nilisugue.